Hodi Katika Programu ya Chama: Namna Mwanachama Atakavyojulikana

Wanachama wengi wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa kutusimamisha njiani, kwa nini programu ya simu ya Chama ilifungwa ghafula katikati ya msimu uliopita, na kwa nini itakapofunguliwa tena kila mtu atatakiwa kujitambulisha kabla ya kuona chochote. Wanastahili jibu. Jibu lenyewe laanza na kosa letu sisi wa kamati, basi na tuanze hapo.

Programu ile tuliitengeneza ili mwanachama aone hesabu yake mwenyewe: karafuu alizopeleka kituoni, uzito wake, daraja lake, fedha alizolipwa na mkopo wa uchumaji anaodaiwa. Ilikuwa kazi nzuri, na waliozoea kupanda gari hadi ofisini kwa ajili ya kuuliza tarakimu moja waliifurahia. Lakini mlango wake ulikuwa namba ya uanachama tu. Uliandika namba, ukaona hesabu. Tulidhani yatosha, kwani kila mtu anayo kadi yake. Tulisahau kwamba namba zetu zinafuatana, na kwamba mtu ajuaye yake ameshajua na ya jirani yake.

Haikuchukua hata wiki tatu. Mtu mmoja, hatumtaji, alikaa barazani baada ya sala ya alasiri akawa anaandika namba moja baada ya nyingine na kuwasomea wenzake: fulani kauza magunia mangapi, fulani anadaiwa nini. Miongoni mwa hesabu zilizosomwa ilikuwamo ya mama mmoja mjane, ambaye fedha za mavuno yake alikuwa amezinyamazia kwa ajili ya skuli ya mtoto wake. Siku ya pili wakamjia wadai wawili, na shemeji mmoja ambaye hakuonekana nyumbani kwake tangu matanga. Mama yule alikuja ofisini wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Wanangu, nilikupeni karafuu zangu mzipime, sikukupeni mzitangaze." Jioni ile ile tuliizima programu.

Tulipomwita kijana fundi anayetuandikia programu, jambo la kwanza alilotufunza ni kuwa hapa pana maswali mawili wala si moja. La kwanza: wewe ni nani? La pili: huyo uliye, una ruhusa ya kuona nini? Karani wa kituo cha kupimia anajulikana vyema, lakini kujulikana kwake hakumpi haki ya kusoma mikopo ya watu. Yeye aandike uzito, basi. Mwanachama aone yake. Mweka hazina aone jumla. Wajenzi wengi wa programu hushughulika na swali la kwanza wakalisahau la pili, na hapo mtu huingia kwa mlango wa haki kisha akazunguka vyumba vyote. Hukumu ya swali hili la pili hufanywa katika seva, yaani ile kompyuta inayoweka hesabu zetu, wala si katika simu. Kwa sababu simu iko mkononi mwa mtu, na kilicho mkononi mwa mtu chaweza kufunguliwa na kugeuzwa.

Tukataka kulimaliza jambo kwa njia ya mkato. Tulisema: kila mwanachama apewe namba ya siri, na karani aziandike zote katika daftari, ili mzee akisahau akumbushwe. Kijana akakataa kabisa. Akatusimulia khabari ya kompyuta ya chuo cha MIT kule Marekani, iliyokuwa ikiitwa CTSS, ambayo Fernando Corbató na wenzake waliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambayo ni katika za mwanzo kabisa kumtaka mtu atoe neno la siri. Maneno yote yaliwekwa wazi katika orodha moja. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kuitumia mashine, akaiamuru impigie chapa orodha yote, na ikampigia. Na mwaka 1966 orodha mbili zikachanganyika, hata kila aliyeingia katika kompyuta akapokewa na maneno ya siri ya wenzake wote badala ya tangazo la siku. Basi dawa si kulificha daftari. Dawa ni daftari lisiwepo.

Mtauliza, lisipokuwepo, seva itajuaje kuwa mtu ametaja namba iliyo sahihi? Hapa ndipo penye ufundi, nao sisi wa karafuu twaweza kuufahamu upesi. Ukishasaga punje ya karafuu huwezi kuurudisha unga ukawa punje. Seva huisaga namba ya siri kwa hesabu maalumu, ikaweka unga tu. Ukija kesho na namba yako, huisaga tena na kulinganisha unga na unga. Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell, waliandika juu ya njia hii mwaka 1979, nao wakaongeza kitu ambacho mafundi mpaka leo wanakiita chumvi: kila mtu hutiliwa chembe yake ya bahati nasibu kabla ya kusagwa, ili watu wawili waliochagua namba moja wasitoke na unga mmoja. Kinu tutakachotumia ni Argon2, kilichoshinda mashindano ya mafundi wa dunia mwaka 2015. Kimetengenezwa makusudi kiwe kizito, ili mwizi anayetaka kujaribu namba nyingi atumie muda mwingi na kompyuta kubwa.

Namba yenyewe itakuwa ya tarakimu sita. Wengi wameuliza kwa nini si nne, kama ile ya fedha za simu. Tarakimu nne ni namba 10,000 tu. Sita ni 1,000,000. Hata hizo si nyingi kwa kompyuta, na unga ukiibiwa mwizi atazisaga zote. Kwa hivyo kila namba huchanganywa pia na siri moja ya Chama isiyowekwa pamoja na hesabu, na anayekosea mara tano hufungiwa mlango kwa muda. Tena programu itakataa namba nyepesi. Msijisumbue kuweka 123456, wala 120164. Tarehe ya Mapinduzi twaipenda sote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo ya kwanza atakayoijaribu mwizi wa hapa kwetu.

Mara ya kwanza mtu anapoiandikisha simu yake atapelekewa ujumbe wenye namba ya kuthibitisha, nao utakufa baada ya dakika chache. Twajua udhaifu wa njia hii. Mtu anaweza kwenda kudanganya akapewa laini mpya kwa jina lako, na ujumbe wako ukaenda kwake; taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, tangu mwaka 2017 imeitia njia hii katika zile za kutumiwa kwa tahadhari. Kwa sababu hiyo ujumbe peke yake haufungui hesabu. Lazima na namba ya siri iwepo. Na mtu yeyote akikupigia akataka umsomee namba uliyopelekewa, hata akijiita mwenyekiti wa Chama hiki, mkatie simu. Mwenyekiti mwenyewe ameridhia kukatiwa.

Akishaingia, mwanachama hatoulizwa namba kila mara simu inapotaka khabari katika seva. Hapa tena tumeazima desturi yetu. Mkulima akishapimiwa hupewa cheti, na kwa cheti kile hulipwa dirishani bila ya kupimiwa tena. Seva nayo hutoa vyeti, mafundi huviita tokeni. Kimoja ni kidogo, cha dakika 15, cha kuonyesha kila mnapotaka khabari. Kingine ni kikubwa, cha siku 30, na kazi yake ni kuombea kidogo kipya. Kile kikubwa hubadilishwa kila kitumiwapo. Kikiletwa cha zamani, seva hufahamu kuwa kuna nakala iliyoibwa, ikavifuta vyote na kumtaka mwenyewe ajitambulishe upya.

Sasa vyeti hivi vitawekwa wapi? Hapa ndipo tulipochelewa. Programu yetu imeandikwa kwa Flutter, chombo cha Google ambacho toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Maandishi huandikwa mara moja, nayo hufanya kazi katika simu za Android na za iPhone. Jambo hili limetuokoa, kwani Chama hakina fedha za kuwalipa mafundi wawili. Walakini siri haziwekwi na Flutter. Huwekwa na simu yenyewe, na kila aina ina sanduku lake: iPhone ina Keychain, Android ina Keystore. Ukiyasoma maandishi ya programu utadhani ni sanduku moja. Tabia zao si moja.

Katika majaribio, mjumbe mmoja wa kamati aliifuta programu katika iPhone yake akampa mwanawe simu ile. Mtoto, kwa udadisi, akaiweka programu tena. Ikafunguka moja kwa moja katika hesabu ya baba yake, na madeni yake yote. Sababu ni kwamba kilichowekwa katika Keychain hubakia hata programu ikifutwa. Kwa Android ikawa kinyume: programu ikifutwa ufunguo hufutika nayo, lakini simu nyingi hujiwekea nakala, na aliyeiweka tena hurudishiwa sanduku lililofungwa bila ya ufunguo wake, programu ikagoma. Fundi alikesha siku mbili kwa hili. Dawa aliyoipata ni nyepesi: programu ifungukapo mara ya kwanza huacha alama pahala pa kawaida, panapofutika pamoja nayo, ikifunguka isiione alama, huifagia Keychain kabla ya kufanya lolote. Na upande wa Android, vyeti vimezuiliwa visiingie katika nakala. Mjumbe yule, tunaarifu, amekwisha kupatana na mwanawe.

Alama ya kidole ilituletea mjadala mrefu kuliko yote. Wazee waliipenda, kwa kuwa kidole hakisahauliki. Lakini simu haimwambii mtu yeyote kidole ni cha nani. Husema tu kwamba kidole hiki ni katika vile nilivyofundishwa. Nasi twajua ni nani huwatengenezea wazee simu zao: ni wajukuu, na mjukuu akishamaliza huweka na chake. Tukaamua kidole kikubaliwe, ila kidole kipya kikiongezwa katika simu, ruhusa ya vidole vyote ife na namba ya siri itakiwe upya. Kwa zile nyumba ambazo simu ni moja, mke na mume kila mmoja atakuwa na namba yake, na programu itajifunga ikikaa dakika tano bila kuguswa.

Wengine walipendekeza tutumie mlango wa Google au wa Facebook, tupunguze kazi. Tuliwauliza wanachama waliokuja ofisini, na wengi wao hawaijui anwani ya barua pepe waliyofunguliwa dukani waliponunua simu. Tukaliacha.

Lililobakia ni aliyesahau. Mlango wa aliyesahau ndio mlango apendao mwizi, kwani hapo hahitaji kujua siri, yatosha kudai kuwa ameisahau. Tumeamua kwamba namba ya siri haitafutwa kwa simu wala kwa kutumiwa mtu. Mwenyewe aje tawini, tawi lolote, na kadi ya Chama na kitambulisho chake, aweke namba mpya mbele ya karani na shahidi mmoja. Aliyepotelewa na simu aje vivyo hivyo, au atupigie tuvifute vyeti vyake papo hapo. Kufunga twaweza kufunga kwa simu, kufungua la. Mzee mmoja wa kaskazini alitulaumu: nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo. Ni kweli, na hatukuwa na la kumjibu ila kwamba shemeji wa mjane naye angependa sana kusaidiwa kwa simu. Wanachama walioko Maskati na kwingineko hatujawapatia njia inayoturidhisha. Kwa sasa, atakayesahau huko ataendelea kupelekewa hesabu yake kwa barua mpaka atakapokuja nyumbani.

Kuandikisha kumekwisha kuanza katika matawi yote. Mama yule mjane tulimpelekea khabari kwanza, naye akaja asubuhi na mapema. Kijana fundi akamkabidhi simu, akainama kumwonyesha pahala pa kuandika. "Nimepaona," akasema mama. "Geuka huko, mwanangu." Fundi akageuka, na sisi wengine tuliokuwamo ofisini tukageuka pia, tukautazama ukuta mpaka aliposema tayari.