Iniesta: kutoka dakika ya 116 hadi chupa ya mvinyo

Msikilizaji, unalikumbuka bao la fainali ya Kombe la Dunia 2010 kule Johannesburg? Hispania 1, Uholanzi 0, dakika ya 116, mfungaji Andrés Iniesta. Leo dakika hiyo iko kwenye chupa: Minuto 116 ni jina la mvinyo wa kiwanda cha familia yake.

Usidhani ni mchezaji tajiri aliyebandika jina lake kwenye bidhaa ya wengine. Iniesta alizaliwa Fuentealbilla, kijiji cha wakulima wa zabibu mkoani Albacete. Familia yake ilikuwa na shamba la mizabibu tangu miaka ya 1990, kabla yeye hajawa nyota wa Barcelona. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 2010.

Kwa nini kiwanda? Zabibu ikishavunwa haisubiri. Mkulima asiye na pa kusindika hulazimika kukubali bei ya mnunuzi. Wakulima wa Dodoma wanalijua hilo, ndiyo maana wapo wanaokamua na kuuza mchuzi wa zabibu. Mvinyo uliotengenezwa na kufungwa vizuri unaweza kungoja bei.

Ila kiwanda kinataka matangi, mapipa, wataalamu na subira, kwani mzabibu mpya huchukua takriban miaka 3 kuanza kuzaa vizuri. Iniesta alikuwa na fedha za mpira. Kwa mkulima mdogo, njia iliyo karibu ni ushirika: tangi ambalo mmoja hawezi kulinunua, wengi wanaweza kulichangia.