Afriski au Oukaïmeden? Theluji ya mashine yapambana na theluji ya Mungu

LIKIZO ya theluji si lazima iwe Uswisi wala Austria. Afrika nayo ina vituo vyake vya kuteleza kwa ski, na viwili ndivyo vinavyotajwa sana: Afriski, kwenye milima ya Maluti nchini Lesotho, na Oukaïmeden, kwenye milima ya Atlas nchini Moroko. Kimoja kiko kusini mwa bara, kingine kaskazini. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi aliyedunduliza hela ya safari moja tu, aende wapi?

Ukitazama picha, vyote viwili vinavutia. Lakini picha haisemi jambo lenyewe, nalo ni hili: theluji inatoka wapi? Shabiki wa soka atalielewa haraka. Afriski ni kama uwanja wa nyasi bandia: mdogo, lakini mechi huchezwa. Oukaïmeden ni nyasi asilia: ukiukuta umestawi, raha yake haina mfano, ila mvua ikigoma hakuna mechi.

Lesotho: Njia fupi, uhakika mkubwa

Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Afriski yenyewe iko zaidi ya mita 3,000, juu kuliko kituo cha Mandara wanapolala wapanda Kilimanjaro usiku wa kwanza. Msimu wake huanza Juni na kumalizika mwishoni mwa Agosti, wakati Ulaya wanaota jua.

Theluji ya mawinguni huanguka huko, lakini kipupwe cha Lesotho ni kikavu na jua lake la mchana ni kali. Wakiingoja hiyo peke yake, wateja wangerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo usiku, baridi ikishuka chini ya sifuri, mashine hurusha maji kwa nguvu hewani yakiwa matone madogo mno, nayo huganda kabla ya kufika chini. Ule ukavu wa hewa unaofukuza theluji ya asili ndio huohuo unaosaidia matone kupoa upesi. Asubuhi mgeni anakuta milima ya kahawia pande zote na utepe mmoja mweupe katikati.

Utepe huo una urefu wa kama kilomita moja. Mtu aliyezoea Alps ataumaliza kwa dakika chache, na siku ya pili ataanza kupiga miayo. Lakini anayeanza hahitaji zaidi ya hapo. Siku zake za mwanzo ataishia kwenye kamteremko ka wanafunzi akijifunza kusimama, kuanguka na kuinuka. Vifaa vya kukodi, walimu na malazi vyote viko sehemu moja.

Njia ya kawaida ni ndege hadi Johannesburg, kisha gari kwa mwendo wa kama saa tano, sehemu ya mwisho ikiwa barabara ya milima yenye kona kali. Msafiri anapita mipaka ya nchi mbili, hivyo aulize mapema taratibu za kuingia Afrika Kusini na Lesotho pia. Wikendi na likizo za shule huvuta watu wengi kutoka Afrika Kusini, kwa hiyo katikati ya wiki kuna nafuu.

Moroko: Mlima wa kweli, bahati nasibu

Oukaïmeden ni habari nyingine. Kijiji kiko kwenye mita 2,600 hivi, na lifti ya viti hupandisha watu hadi zaidi ya mita 3,200. Maana yake ni mteremko wa zaidi ya mita 600 kutoka juu hadi chini, na mtu anayejua kuteleza ataona ana mlima chini ya miguu yake.

Shida ni kwamba kituo hiki kinategemea mawingu. Theluji hutarajiwa kati ya Januari na Machi, lakini kutarajiwa siyo kuwepo. Moroko imepita kwenye miaka ya ukame mkali, na theluji ikikosekana mawe hutokeza na lifti husimama.

Mambo mengine huko ni ya kienyeji zaidi. Wenyeji, ambao ni Waamazigh, hukodisha ski pembeni mwa njia kwa bei ya kupatana, na punda hubeba wageni wasiotaka kupanda kwa miguu. Ski nyingi ni za zamani, hivyo kabla ya kutoa hela, kagua vifungo vya viatu. Kifungo kibovu kinaweza kukuvunja mguu.

Hata hivyo Oukaïmeden ina turufu moja: iko kama kilomita 80 tu kutoka Marrakech. Mjanja hapangi chumba mlimani. Analala mjini, anauliza hali ya theluji, kisha anapanda siku ikiwa nzuri. Isipokuwepo, bado ana soko, misikiti ya kale na chakula cha Marrakech. Afriski haina mji wa kukimbilia. Ukichoka na mteremko, umechoka na safari.

Somo la Boit

Anayeona aibu kuanza ukubwani amkumbuke Philip Boit. Mkenya huyo alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kujifunza ski, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Hukumu

Kwa anayeanza, hasa mwenye watoto na tarehe za likizo zisizobadilika, Lesotho mwezi Julai ndiyo chaguo. Atalipia njia fupi, lakini atarudi akiwa ameteleza. Anayejua tayari, na ambaye hatalia akikosa, aende Moroko mwezi Februari akiwa na siku za akiba mkononi.

Hatari iko kwa yule asiyejua kuteleza anayenunua tiketi ya Oukaïmeden miezi sita kabla, kwa siku tatu tu, kisa picha ya mlima mweupe. Huyo anacheza kamari na akiba yake, na mawingu hayarudishi nauli.