Askari wa Kituo cha Mbali na Nadhiri ya Kutooa

Miongoni mwa vitabu vipitavyo mikononi mwa watu kambini mpaka majalada yakang'oka, kimo kimoja ambacho wanaume wengi hukisoma kwa kujificha, wakidhani kuwa ni kitabu cha akina mama. Ni riwaya ya mapenzi ya Kikristo iitwayo When Calls the Heart, iliyoandikwa na mama wa Kikanada, Janette Oke, na kutolewa mwaka 1983. Sisi tuliichukua kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mpenzi wa kisa hicho ni polisi. Lakini baada ya kuwasikiliza walioisoma kabla yetu, na kuona jinsi wanavyobishana, tumeona inafaa kuileta katika ukurasa huu, maana ubishi wenyewe wawahusu wavaa sare kuliko watu wengine wote.

Kisa si kirefu. Elizabeth Thatcher, binti wa jamaa yenye uwezo huko Toronto, mashariki mwa Kanada, anasafiri kwenda magharibi, katika nyika za Alberta, kufundisha shule ya chumba kimoja miongoni mwa walowezi. Ni mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba ndiyo kwanza yanafunguliwa, na panya wa nyumba ya mwalimu hawajali kwamba mgeni wao ametoka mjini. Huko anakutana na Wynn Delaney, askari wa Polisi wa Farasi wa Kifalme wa Kaskazini-Magharibi. Wanapendana. Lakini Wynn amekwisha jiwekea nadhiri kwamba, madhali yumo kazini, hataoa, kwa kuwa nchi ya vituo vya mbali si mahali pa kumpeleka mwanamke. Elizabeth haikubali hukumu hiyo, na mwishowe anamgeuza nia. Kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1985, kinawafuata wakiwa mume na mke hadi kituo cha kaskazini.

Wako wasomaji wasemao kwamba nadhiri ya Wynn ni hila ya mtunzi tu, kizuizi kilichowekwa njiani ili kitabu kisiishe mapema. La hasha. Mwandishi huyo alizaliwa mwaka 1935 katika mji mdogo wa Champion, huko huko Alberta, na alijua anachokisema. Jeshi hilo la polisi liliundwa na Bunge la Kanada mwaka 1873. Mwezi Julai mwaka 1874 askari wapatao 275 waliondoka Manitoba kuelekea magharibi, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja. Farasi wao walikufa njiani kwa uchovu na kukosa malisho, na mwezi Oktoba baadhi yao wakajenga ngome iitwayo Fort Macleod. Katika jeshi la namna hiyo askari wa kawaida hakuweza kuoa bila idhini ya wakubwa wake, na wakubwa hawakupenda kuitoa. Sababu zao afande yeyote mwenye dhamana ya bohari atazielewa mara moja. Askari asiye na mke hula mesi, hulala bwenini, na huhamishwa kwa amri ya mstari mmoja. Mwenye mke huhitaji nyumba, posho, tabibu, na gari la kubebea vyombo. Masharti hayo, kwa sura mbalimbali, yalidumu hata baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kwa hiyo Wynn hakubuni neno jipya. Alilichukua neno la kanuni akalifanya kuwa neno la moyo wake, na hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika.

Askari vijana tuliozungumza nao wako upande wa Wynn. Wao husema kwamba mtu akipenda kweli hamtoi binti wa watu katika nyumba ya mawe akampeleka penye baridi, upweke na hatari, kisha yeye mwenyewe akaondoka doria kwa majuma mawili. Wanamwona Elizabeth kuwa mwenye kichwa kigumu, na mwandishi kuwa amempendelea. Wazee waliokwisha kuonja uhamisho wa mara tano au sita hawasemi hivyo. Hao hunyamaza kwanza. Halafu huuliza: je, huyo Wynn alimwuliza binti mwenyewe, au aliamua peke yake kisha akamletea amri iliyokwisha kutiwa sahihi?

Swali hilo la wazee ndilo tunaloliona kuwa kiini cha kitabu, na ndipo mwandishi alipotushinda sisi tuliokianza kwa kukidharau. Elizabeth hasemi kwamba nyika ni salama, wala hajifanyi shujaa. Anachodai ni kwamba hatari hiyo ni yake pia kuipima, na kwamba Wynn hana haki ya kuipima kwa niaba yake kisha akaliita tendo hilo upendo. Askari amezoea kuamua kwa niaba ya wengine. Kazi yake yamfundisha hivyo tangu siku ya kwanza ya kwata. Lakini mke si kuruta. Wake wa askari waliokisoma kitabu hiki hutaja sehemu hiyo kuliko busu lolote, nao huongeza kwamba lililowaumiza katika ndoa zao si ugumu wa kituo, bali ni kuambiwa nusu ya habari za kituo kabla ya kufunga mizigo.

Yapo malalamiko yenye haki. Wynn ni mwema kupita kiasi: halewi, hakasiriki ovyo, hana deni kantini. Hakuna kikosi tulichokijua kilichokuwa na mtu wa aina hiyo, na kama yupo tungependa aletwe kwetu awe mtunza fedha. Wengine huchoshwa na maombi yanayoletwa kila panapotokea tatizo. Sisi hilo halikutusumbua, maana mwandishi haifanyi sala kuwa uganga. Elizabeth huomba, kisha bado hana budi kuamua.

Lililotusumbua ni jingine. Nyika zile hazikuwa tupu. Walikuwamo wenyeji wake, Wablackfoot na Wacree na wengineo, na katika kitabu cha kwanza hawaonekani sana. Mkataba Nambari 7 ulitiwa sahihi mwaka 1877, na baada ya maasi ya mwaka 1885 wenyeji wa maeneo yaliyotengwa walitakiwa kuwa na pasi ili kutoka nje, ingawa pasi hiyo haikuwa na sheria nyuma yake. Polisi wenye koti jekundu ndio waliotumwa kuwarudisha wasiokuwa nayo. Baadaye walisaidia kuwachukua watoto na kuwapeleka katika shule za bweni, na mwaka 2004 mkuu wa polisi wa Kanada aliomba radhi kwa sehemu ya jeshi lake katika jambo hilo. Msomaji askari asiyajua haya atamwona Wynn kuwa mlinzi wa kila mtu katika nchi ile, jambo ambalo historia haimruhusu. Kitabu cha pili, ambamo Elizabeth anaishi karibu na kijiji cha wenyeji na kufanya urafiki na wanawake wake, ni bora katika hili, ingawa bado twaona mambo kwa jicho la mgeni.

Mwaka 2014 kisa hiki kilifanywa tamthilia ya televisheni yenye jina lile lile. Humo polisi si Wynn tena bali ni Jack Thornton, na mambo mengi yamebadilishwa. Mwaka 2018 Jack akamwoa Elizabeth, na baada ya vipindi vichache tu akafa katika maporomoko ya ardhi alipokuwa akiwafunza makuruta. Watazamaji walighadhibika. Wengi walisema kwamba waliahidiwa faraja wakapewa msiba, na wako walioapa kutoitazama tena. Twaelewa uchungu wao, lakini hatuungani nao. Tangu mwanzo Wynn wa kitabuni aliikwepa ndoa akiiogopa siku hiyo hiyo, na Elizabeth alimjibu akijua kwamba yaweza kuja. Mwandishi wa riwaya aliizunguka. Watunga tamthilia walimpelekea mwanamke habari ile mlangoni pake. Mwezi Desemba mwaka huo huo mtoto akazaliwa, akapewa jina la baba yake, na baadaye mama akarudi darasani kufundisha.