Kontena halipo? Usikimbilie kuifunga kompyuta mdomo

NI saa tano usiku. Umebadilisha bei kwenye tovuti ya mteja anayeuza viatu vya mtumba, ukaendesha skripti ya kuweka toleo jipya hewani, nayo ikagoma katikati. Skrini inakwambia `No such container`. Kontena la zamani ulilotaka kuliondoa halipo.

Sasa ngoja kidogo. Si ulitaka liondoke? Na kumbe halipo tayari! Mbona basi kazi yote isimame?

Kama mambo haya ni mageni kwako, kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila kitu inachohitaji ili ifanye kazi, iwe ni kwenye laptopu yako au kwenye seva ya mbali. Docker, iliyotoka mwaka wa 2013, ndiyo iliyofanya mtindo huu ushike. Podman, inayoungwa mkono na Red Hat, hufanya kazi hiyo hiyo. Zote mbili unaziongoza kwa kuandika amri.

Kila amri ikimaliza huacha namba. 0 maana yake shwari, nyingine yoyote ni tatizo. Skripti nyingi huanza na `set -e`, yaani ukikuta tatizo, simama. Kwa hivyo `docker rm duka` isipopata kontena linaloitwa duka, inaacha 1 na safari inaishia hapo. Kwenye seva mpya hili litakupata tu, kwa sababu hakuna cha zamani cha kuondoa.

Dawa ambayo wengi wetu hukimbilia ni kuongeza `|| true` mwishoni. Yaani hata mambo yakiharibika, sema yako sawa. Skripti inapita, unaenda kulala.

Noma ni kwamba dawa hiyo humeza makosa yote, si lile moja tu. Tuseme kontena duka lipo na bado linafanya kazi. `docker rm` bila `-f` hukataa kuondoa kontena linaloendelea kufanya kazi, lakini wewe umeshaizima sauti. Amri inayofuata, ya kuanzisha toleo jipya kwa jina lile lile, nayo inakataliwa kwa sababu jina limeshachukuliwa. Ukiwa umeifunga mdomo hiyo pia, utamwambia mteja bei mpya ziko hewani huku wanunuzi wakiendelea kulipa zile za zamani.

Kuna baya zaidi. Kila usiku skripti yako hutoa nakala ya data hivi: `docker exec hifadhi pg_dump -U duka duka > nakala.sql`. Siku moja kontena hifadhi halipo. Alama ile ya `>` hufungua faili na kuifuta kabla amri yenyewe haijaanza. Asubuhi faili ipo, jina ni lile lile, lakini ndani ni tupu. Nakala nzuri ya jana imeenda. Hapa hata `set -e` haikuokoi, kwa maana faili imeshafutwa.

Kwa hivyo kukosekana kwa kontena hakuna maana moja. Ukiwa unasafisha, ni kazi iliyokwisha fanyika. Ukiwa unahifadhi data, ni hatari, na lazima upige kelele.

Waundaji wa Podman waliliona hilo. `podman rm --ignore duka` hupuuza kontena lisilokuwepo, huku matatizo mengine yakiendelea kuripotiwa. Ukitaka kuuliza kwanza, kuna `podman container exists duka`. Jibu la 0 ni lipo, 1 ni halipo, na 125 ni kwamba imeshindwa kuangalia. Hilo la mwisho ndilo `|| true` hukuficha. "Halipo" na "sijui" ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwenye Docker, uliza kwa `docker ps -aq --filter 'name=^duka$'`. Kontena likiwepo utapewa namba yake ya utambulisho. Lisipokuwepo hutapewa chochote, na hilo si kosa. Docker yenyewe ikiwa imezimwa, utapata kosa la kweli. Usisahau `-a`, la sivyo makontena yaliyosimama hutayaona. Alama za `^` na `$` nazo ni za kuzuia duka lisichanganywe na duka-la-pili.

Na ile nakala ya data, iandike kwanza kwenye faili ya muda. Amri ikirudisha 0, ndipo uipe jina la kudumu kwa `mv`. Ikishindwa, ya jana bado unayo.

Basi leo fungua skripti zako utafute kila `|| true`. Kwa kila moja jiulize: kontena hili lisipokuwepo, nitakuwa nimepata nilichotaka ama nimepoteza? Ukishindwa kujibu, acha skripti igome. Afadhali ikuamshe saa tano usiku kuliko mteja akupigie asubuhi akiuliza data yake iko wapi.