Khabari ni Amana Mpakani Tunduma



Zamani serikali ilipotaka kuwajulisha watu jambo, ilipigwa mbiu ya mgambo, na aliyesikia alimwambia asiyesikia. Mpiga mbiu alijulikana kwa jina na kwa nyumba yake. Mwenye swali alimsimamisha njiani akamwuliza. Leo mbiu inapigwa katika simu. Halmashauri zetu nyingi zina kurasa katika Facebook na Instagram, na matangazo yao huzunguka katika makundi ya WhatsApp. Hili ni jambo la kheri, lakini lina mitihani yake, na mitihani hiyo huonekana wazi zaidi katika mji wa mpakani kama Tunduma.

Tunduma umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yako Vwawa. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde, Zambia. Hapo hupita reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia hata Kongo. Watu wa miji hii miwili huoana, huzikana na huuziana mahindi na nguo, shilingi na kwacha zikipita mkono kwa mkono. Khabari nazo huvuka mpaka bila ya pasi.

Mtihani wa kwanza ni kwamba jambo linalowagusa watu wa Tunduma aghlabu haliamuliwi Tunduma. Mwezi wa Mei 2020, Serikali ya Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya maradhi ya korona. Amri ile ilitoka Lusaka. Mwezi wa Aprili 2025, Wizara ya Kilimo ya Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, na baada ya muda mfupi ikaliondoa zuio hilo. Ushuru wa forodha ni kazi ya Mamlaka ya Mapato, pasi ni kazi ya Uhamiaji, na barabara kuu ni ya TANROADS. Lakini mwananchi mwenye shida usiku hubisha hodi katika ukurasa wa halmashauri, kwa kuwa hiyo ndiyo serikali aliyo karibu nayo. Asipojibiwa, humwendea yeyote mwenye kusema, hata kama msemaji huyo hajui kitu.

Mtihani wa pili ni mwendo. Uvumi hauombi ruhusa kwa mtu. Tangazo la halmashauri huandikwa na afisa habari, hupelekwa kwa mkurugenzi, na pengine hungoja neno la mkoa. Utaratibu huo una sababu, kwani neno la serikali likishatoka huwa ni ahadi. Walakini tuseme mama mmoja wa Sogea amekopa fedha za kikundi, akanunua matenga ya nyanya ya kuvusha alfajiri. Usiku simu inamwambia kwamba mpaka umefungwa. Anautazama ukurasa wa halmashauri, anaona picha za kikao cha juzi na viongozi walioketi meza ya mbele. Anaziuza nyanya zake kwa hasara. Saa tatu asubuhi anayaona malori yakivuka kama kawaida. Deni la kikundi litalipwa na nani? Mistari miwili tu kutoka kwa halmashauri, ya kusema kwamba mpaka uko wazi, ingaliokoa mtaji wake.

Mtihani wa tatu ni kuaminiwa. Ni rahisi kwa mlaghai kuichukua nembo ya halmashauri na kufungua ukurasa wa uongo, akauza viwanja hewa au akatangaza ajira zisizokuwapo. Hata ukurasa wa kweli waweza kuibwa. Mwezi wa Mei 2025, akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania katika mtandao wa X iliingiliwa na wahalifu, ukaandikwa humo uongo mkubwa. Ikiwa hayo yalilipata jeshi la taifa zima, itakuwaje kwa halmashauri ambayo neno la siri la ukurasa wake limo katika simu ya afisa mmoja, naye kesho huenda akahamishwa?

Mtihani wa nne ni kwamba si watu wote wamo mitandaoni. Wako wazee wa Ileje na wakulima wa Momba wenye simu ndogo za kubonyeza. Na iko siku mtandao wenyewe hutoweka: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini, na siku kadhaa zikapita kabla ya kurudishwa. Kwa hiyo ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, mkutano wa mtaa na kipaza sauti cha msikiti bado vina kazi yake.

Dini yetu tukufu imetupa mfano. Katika Sura ya An-Naml, Nabii Sulaiman (a.s.) alipoletewa na Hudhud khabari za Sabaa, hakumwadhibu mjumbe, wala hakuisadiki khabari papo hapo. Alitaka kwanza ijulikane kama ni kweli. Kisha akapeleka barua ambayo aliyeipokea alijua imetoka kwa nani, na akamwagiza mjumbe angoje aone watajibu nini. Watawala wetu wengi wameshika kupeleka barua tu. Kungoja jibu wamekusahau. Ukurasa usiojibu maswali ni sawa na ofisi iliyofungwa mlango huku taa zinawaka.

Wako viongozi wanaoona kila swali kuwa ni matusi. Ni kweli kwamba matusi yapo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka adhabu kwa mwenye kutangaza uongo kwa makusudi. Lakini anayeuliza kwa nini taka hazijazolewa, au ushuru wa soko umetumikaje, anadai haki yake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeitambua haki hiyo. Akiogopa kuuliza hadharani, atanong'ona, na manong'ono ndiyo mama wa uvumi.

Na sisi raia tuna sehemu yetu. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya 83, imewalaumu wanaotangaza kila jambo la amani au la khofu kabla ya kulirudisha kwa wenye kulijua. Basi, kijana, kabla hujaipeleka khabari ya mpaka au ya maradhi, uliza: nani kasema, lini, na wapi? Mpigie simu mtendaji wa mtaa. Usipopata hakika, ikomee kwako. Na tangazo la kweli likitoka, msomee bibi yako asiyekuwa na simu kubwa, kwani naye ni raia.

Halmashauri itaulizwa juu ya amana ya kusema na kujibu, nasi tutaulizwa juu ya kila neno tulilolipeleka kwa wenzetu.

Wabillahi tawfiq.