Wanaanga Wakishika Kamera: Watazamaji Wanaona Nini Katika Filamu za Maisha ya Angani

Filamu ya hali halisi, yaani ile inayorekodi watu na mambo kama yalivyo bila kutumia waigizaji, ndiyo imewawezesha watu wengi kujionea jinsi binadamu anavyoishi na kufanya kazi katika anga za juu, na maoni ya wanaoitazama huelekea pande mbili zisizopatana kwa urahisi. Wapo wanaoisifu kwa sababu ya uzuri wa dunia inayoonekana kutoka mbali, na wapo wanaolalamika kwamba wameonyeshwa bahari na mawingu kupita kiasi, ilhali walichotaka kujua ni mwanaanga anakula nini, analala vipi na kutwa nzima anashughulika na nini ndani ya chombo kisicho na sakafu wala dari. Maswali ya kundi hili la pili hupuuzwa kama udadisi wa watoto, lakini ndiyo yanayogusa kiini cha jambo, kwa kuwa kuishi angani ni kazi ngumu ya kila saa kabla ya kuwa mandhari ya kupendeza.

Mfano mzuri ni The Dream Is Alive, filamu iliyotolewa mwaka 1985, ikaongozwa na Graeme Ferguson wa Kanada na kusimuliwa na mtangazaji mashuhuri wa Marekani, Walter Cronkite. Ilipigwa kwa mfumo wa IMAX, ambao kila picha katika mkanda wake ina ukubwa unaokaribia mara kumi ya ule wa filamu ya kawaida ya milimita 35, ili iweze kuonyeshwa katika pazia lenye kimo cha jengo la ghorofa kadhaa bila kupoteza ung'avu. Mkanda mpana namna hiyo hupita kwa kasi kubwa, hivyo fungu moja lilitosha kurekodi takriban dakika tatu tu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kumchukua mpiga picha wa sinema, wanaanga wenyewe walifundishwa kutumia kamera, kupima mwanga na kuchagua tukio linalostahili dakika hizo chache. Kazi hiyo waliifanya katika safari tatu za mwaka 1984, pamoja na majukumu yao mengine, na haikukosa vituko: nywele za mwanaanga Judith Resnik, zilizokuwa zikielea kichwani pake, zilinaswa na mitambo ya kamera hiyo ikabidi zikatwe.

Kinachowavutia wengi katika filamu hiyo ni watu walio kazini. Mwezi Aprili 1984 George Nelson na James van Hoften walishiriki kuitengeneza setilaiti ya kuchunguza jua, iliyokuwa ya kwanza kukarabatiwa ikiwa angani, na mwezi Oktoba Kathryn Sullivan akawa Mmarekani mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo akiwa amevaa vazi la angani. Kisha, tarehe 28 Januari 1986, chombo Challenger kikaangamia muda mfupi baada ya kurushwa, na kati ya watu saba waliokufa walikuwamo Resnik na Francis Scobee, ambao wote wawili walisafiri katika safari zile zilizorekodiwa. Tangu hapo filamu ile ile, bila kubadilishwa hata picha moja, ilianza kutazamwa kwa jicho jingine, kwa kuwa mtazamaji alijua yatakayowapata watu aliowaona wakicheka.

Yako malalamiko mengine ambayo ni ya haki kabisa. Watazamaji wengi humaliza filamu za aina hii wakiamini kwamba wanaanga huelea kwa sababu nguvu ya uvutano wa dunia haifiki huko juu. Katika kimo cha kilomita 400, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka, nguvu hiyo bado ni karibu sehemu tisa kwa kumi ya ile iliyopo ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, lakini kwa kuwa wanakwenda mbele kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, anguko lao hufuata mviringo wa dunia na halifiki chini. Filamu isiyoeleza jambo hili humwacha mtazamaji na picha nzuri na fikra yenye makosa. Vivyo hivyo, mwanaanga aliyefungwa kamba katika mashine ya kukimbilia huonekana kama anacheza, hadi mtazamaji aelezwe kwamba mifupa isiyobeba uzito, hasa ya nyonga, hupoteza zaidi ya asilimia moja ya madini yake kila mwezi, na kwamba mazoezi ya karibu saa mbili kila siku ni tiba isiyokwepeka.

Filamu A Beautiful Planet ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Toni Myers, naye pia wa Kanada, inaweza kulaumiwa kwa kuitazama dunia kuliko kuwatazama watu, ingawa mwanaanga Samantha Cristoforetti wa Italia na wenzake wanaonekana humo wakila na kufanya kazi. Lawama hiyo inahitaji kupimwa kwa makini. Kwa mara ya kwanza filamu ya IMAX ilipigwa angani kwa kamera za kidijitali, ambazo huhifadhi picha bila mkanda na kuona vizuri katika mwanga hafifu. Kwa hiyo miji ikiwaka taa usiku, radi na miali ya rangi ya nchi za kaskazini, mambo ambayo mkanda wa zamani ulishindwa kuyanasa, sasa yaliweza kuonyeshwa, na ingekuwa vigumu kwa mwongozaji yeyote kuyaacha.

Pengo kubwa zaidi limo katika yasiyorekodiwa. Mwanaanga anayempiga picha mwenzake ataendelea kuishi naye kwa miezi mingi katika vyumba vyembamba, na filamu zenyewe hutengenezwa kwa ushirikiano na NASA, shirika la anga la Marekani, kwa hiyo ugomvi, hofu na upweke havionekani kwa urahisi. Kwa sababu hiyo Space: The Longest Goodbye, ya mwaka 2023, inastahili kutazamwa na kila aliyeridhika na uzuri wa zile za kwanza. Inamfuata mwanasaikolojia wa NASA, Al Holland, na kuonyesha mazungumzo ya video kati ya Cady Coleman, aliyekaa kituoni miezi mitano hivi mwaka 2010 na 2011, na mumewe na mtoto wao wa kiume waliobaki nyumbani. Hapo mtazamaji huona gharama ya kazi hii ikilipwa pia na watu ambao hawakuondoka duniani. Katika safari ya Mars, ambayo kwenda na kurudi kwake kunakadiriwa kuchukua karibu miaka mitatu, ishara ya redio inaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika upande mmoja, hivyo mama hataweza kumuuliza mwanawe swali na kumsikia akijibu papo hapo. Watabaki kutumiana ujumbe uliorekodiwa.