Samaki Wanaoishi Kwenye Matundu ya Mwamba

Maji ya bamvua yakipwa, mwamba chini ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, hubaki wazi, na hapo utawaona: samaki wadogo wembamba, rangi ya jiwe, wakiruka kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine. Ni bleni, wa familia ya Blenniidae yenye spishi 400 hivi duniani, wengi wakiwa wa pwani za nchi za joto.

Bleni hana magamba. Ngozi yake ina ute, na ikiwa mbichi humsaidia kuvuta hewa akiwa nje ya maji. Akitaka kuruka, hukunja mkia ubavuni, huugandamiza kwenye jiwe, kisha huunyoosha ghafla.

Mchungulie bleni aitwaye Istiblennius edentulus kwenye tundu lake. Ameingia kinyumenyume, kichwa kimebaki mlangoni, macho yanazunguka kila moja kivyake. Dume ana kishungi utosini. Mdomoni mna meno membamba mno, zaidi ya mia, yaliyoshikana na ufizi badala ya mfupa. Kwa meno hayo hukwangua utando wa mwani. Jike hutaga ndani ya tundu akaenda zake, na dume hubaki kuyalinda mayai mpaka yaanguliwe.

Bila tundu, basi, hakuna bleni. Na Mombasa matundu yamejaa, maana kisiwa kimekaa juu ya matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mawimbi na viumbe watoboao mawe wameyachimba tangu hapo.

Mwamba huohuo unamomonyoka. Ngome iliyojengwa juu yake kati ya 1593 na 1596 ilihitaji kinga, na ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa hapo miaka ya karibuni nauunga mkono kwa moyo wote. Ila kuta za aina hii, zikiwa laini, huwanyima viumbe wa mwambani pa kujificha. Kule Sydney, Australia, wahandisi wameshaanza kuzipa kuta za bahari mashimo na vidimbwi vya makusudi. Nasi tuna mafundi wa Mji wa Kale, wanaolijua jiwe la matumbawe kwa mikono yao. Ukuta utakaofuata kisiwani uachiwe matundu ya upana wa kidole, mengi, kati ya mahali maji yanapojaa na yanapopwa.